Miezi sita ya kwanza kazini: hesabu siku zako

Kampuni kubwa zinapoanza kupunguza wafanyakazi, wengi wanaofika kwenye meza zetu za usuluhishi, hapa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) Tanzania, ni vijana walioajiriwa juzi juzi. Mmoja alikuja bado ana kitambulisho cha kazi shingoni. Mkataba wake ulianza tarehe 3 Februari, na barua ya kusitishiwa ajira ilikuwa ya tarehe 28 Julai. Tukahesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani: zilibaki siku chache miezi sita itimie. "Lakini ile ni kampuni kubwa, mheshimiwa," akaniambia. "Haiwezi kunitoa hivi hivi."

Inaweza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiangalii ukubwa wa jengo. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu mwenye utumishi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo huyo. Aliyevuka hapo ni lazima apewe sababu halali na utaratibu wa haki, na kama ni upunguzaji, lazima kuwe na taarifa ya kusudio, kisha mashauriano kuhusu sababu, njia za kuuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke na malipo. Kati ya vigezo hivyo, cha kawaida ni wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka. Kigezo hicho si uonevu, hata kama kinauma.

Kuna wanaodhani muda wa majaribio ukipita kimya kimya basi wamethibitishwa. Hapana. Mahakama ya Rufani imeshaeleza kwamba kuisha kwa muda huo hakukufanyi uthibitishwe moja kwa moja. Iombe barua yako ya uthibitisho, na uiombe kwa maandishi.

Hata hivyo, chini ya miezi sita si kusema huna haki yoyote. Unadai mshahara wa siku ulizofanya kazi, cheti cha utumishi na notisi: siku 7 ukiachishwa ndani ya mwezi wa kwanza, siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi, au fedha badala yake. Ukiondolewa kwa sababu ya ujauzito, hali ya VVU au uanachama wa chama cha wafanyakazi, huo ni ubaguzi, na ulinzi dhidi yake huanza tangu unapoomba kazi. Kiinua mgongo ni jambo jingine: siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, isiyozidi miaka 10, na lazima uwe umetimiza miezi 12 mfululizo. Miezi 11 haihesabiwi kuwa mwaka, na tafadhali tusibishane kuhusu hilo mbele ya msuluhishi.

Sasa utaratibu. Jaza fomu CMA F.1, ile ya kuwasilisha mgogoro. Sehemu B ni ya migogoro ya kuachishwa kazi peke yake, kwa hiyo anayedai mishahara tu asiiguse. Nakala mpelekee mwajiri, apokee kwa saini, tarehe na mhuri; akikataa, tuma kwa rejista na utunze stakabadhi. Fomu na uthibitisho huo ndivyo vinavyoletwa Tume. Anayepinga uhalali wa kuachishwa ana siku 30, madai mengine siku 60. Kwa anayepinga kuachishwa, siku zinaanza kuhesabika ajira ilipokoma; kwa madai mengine, mgogoro ulipotokea. Hazisubiri ulipwe mafao, wala hazisubiri yule wa rasilimali watu aliyesema "tutakupigia" apige. Kutosaini barua hakusimamishi chochote. Ukichelewa, utajaza CMA F.2 na kiapo kinachoeleza sababu za kuchelewa. "Sikujua sheria" tumeisoma mara nyingi mno. Siku ya usuluhishi ukikosekana bila sababu, shauri linaweza kufutwa.

Kabla ya kuandika jina la mlalamikiwa, fungua mkataba. Vijana wengi wa kaunta za benki na maduka ya simu huvaa fulana yenye nembo ya kampuni kubwa ilhali mkataba na hati ya mshahara vimetolewa na wakala. Mwajiri ni yule aliye kwenye mkataba. Ukimshtaki mwenye nembo, yeye atakuja na wakili kusema wewe si mfanyakazi wake, na wewe utarudi kuanza upya huku siku zikikatika. Hapa kusema kweli simlaumu sana mfanyakazi: wapo waajiri wanaompa mtu mkataba asaini kisha hawampi nakala. Idai siku hiyo hiyo, au uipige picha.

Kijana wetu alijaza fomu kudai notisi ya siku 28, mshahara wa Julai na cheti cha utumishi. Mwajiri alikubali yote kwenye kikao cha kwanza, tukaandika makubaliano, wote wakasaini. Cheti kilikuja wiki iliyofuata, jina lake la mwisho likiwa limekosewa herufi moja, ikabidi kirudishwe.