Ua usiokatwa ni mlango wa mbuzi

Jumamosi nilifukuzwa shambani. Mama mmoja huku upande wa Busia alinikuta nimeinama na panga kwenye kaiyaba, miti ya miiba ya kuzungushia shamba ua, alizopanda mwaka jana, akanishika mkono. "Mwalimu, miti umetuletea wewe mwenyewe, na leo umekuja kuiua?" Majirani wakamuunga mkono. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji hapa Uganda, aliyepokea miche ile kwa niaba ya kijiji, akanitazama kama niliyefumaniwa na kuku wa watu.

Nimechoka kulijibu swali hili chini ya miembe, kijiji baada ya kijiji. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hapa.

Kosa ni letu, nakubali. Miaka nenda rudi tumehubiri kwamba kukata mti ni dhambi, na watu wakasikia. Sasa wana nyua za mita tatu, juu kijani kibichi, chini vijiti vitupu, na mbuzi wanapita humo bila hata kuinamisha pembe.

Ua hujengwa kutoka chini. Mche ukiachwa, ncha yake ndiyo bwana: inateremsha homoni inayoyazuia macho ya ubavuni yasichipue, na nguvu zote zinakimbilia juu. Ikate ncha, macho yafunguke. Ndiyo maana kaiyaba ikifika goti naikata ibaki shubiri moja na nusu kutoka ardhini. Ndiyo, sehemu nzuri ya ulichokipalilia inaanguka chini. Ikipanda shubiri nyingine, unakata tena, kila mara ukiiachia iongezeke kidogo tu.

Halafu kuna wanaokubali kukata, nao ndio wananikera zaidi, kwa sababu wanakata juu peke yake. Ubavuni hawagusi. Ua unatoka umbo la uyoga, kivuli cha juu kinayanyima jua matawi ya chini, nayo yanakauka moja baada ya jingine. Tawi la chini likishakauka ndiyo basi, dawa inayobaki ni kushusha ua mzima karibu na ardhi na kuanza upya, na hapo ndipo utasikia vilio. Umbo ninalolitaka ni la kichuguu: pana chini, jembamba juu. Kila jani lione jua.

Nafasi: mistari miwili, futi moja mche kwa mche, mstari wa pili ukiziba mapengo ya wa kwanza. Panda mvua za Machi zikishakolea. Palilia. Mbuzi wafungwe. Hayo mnayajua.

Sasa, msiende kufyeka kila kitu mkasema ni mimi. Saiprasi ukiikata ukapita sehemu yenye majani ukafika kwenye mti mtupu, pale hapachipui tena, utabaki na kidonda cha kahawia. Grevilea huvumilia kupunguzwa matawi juu, lakini ukiikata shinani usitegemee sana kisiki chake. Kaliandra, mti wa malisho, ndiyo yenyewe inaomba panga: ikishatimiza mwaka hivi, ikate kwenye futi tatu, nayo utaivuna majani mara nne au zaidi kwa mwaka. Kilo tatu za majani yake mabichi zina protini inayokaribia ya kilo moja ya chakula cha dukani cha ng'ombe wa maziwa. Anayeionea huruma anavuna fito.

Anayebisha kwamba mti huvumilia jeraha aende Buganda akautazame mutuba, mti wa nguo za magome. Gome la shina linavuliwa, jeraha linafungwa kwa majani ya mgomba, baada ya muda mti unavaa gome jingine, nao wanarudi kuvua. Na mti wenyewe ulianza kama kigingi kilichokatwa kwa mwenzake. Ufundi huo wa lubugo, yaani nguo ya gome, UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, sisi bado tunaogopa kupogoa kaiyaba.

Kila mkutano hakosi mzee wa kusema, "Si tupande lantana tu, haitaki kazi." Mzee wangu, ni kweli haitaki kazi, na ubaya wake ndio huo. Busoga miaka ya 1970, mikahawa na mipamba ilipotelekezwa, lantana ilifunga vichaka mpaka nyuma ya nyumba, mbung'o wakapata kivuli cha kukaa, na kuanzia 1976 malale ikawavaa watu.

Nami nina madoa yangu. Mwaka mmoja nilikata katikati ya kiangazi kwa haraka ya kumwonyesha mgeni, mchwa wakamalizia, mstari mzima ukaenda. Na kuna jambo ambalo mkasi hauliwezi: jirani akisikia panga mpakani, haelewi kupogoa, anaelewa mpaka unasogezwa. Siku hizi sikati ua wa mpakani mpaka wenye mashamba wote wawili wasimame hapo, na bado nimeshaitwa kwa mwenyekiti. Pengine ndiyo sababu Waganda waliuchagua mulamula, mmea wa kuwekea alama, kuonyesha mpaka: hauhitaji kukatwakatwa, haumchokozi mtu. Ila hauzuii hata kifaranga.

Yule mama mwishowe amenipa hatua kumi za kukata. Zilizobaki ameniapia nisiziguse. Kwa sasa mbuzi wanapita pande zote mbili.