Nani aliwatoa Waholanzi Indonesia?

Wanafunzi wangu wote wanaijua Bandung, yaani ule mkutano wa nchi za Asia na Afrika. Wameisoma tangu sekondari: mwaka 1955, Rais Sukarno wa Indonesia mwenyeji, Nehru wa India na Nasser wa Misri wageni. Ukiwauliza Indonesia yenyewe iliupataje uhuru wake, wengi watakwambia Marekani ilitishia kukata fedha za Mpango wa Marshall, msaada wake wa kuijenga upya Ulaya baada ya vita, Waholanzi wakafungasha. Si uongo, ila jibu hilo linampa sifa zote aliyefika mwisho.

Aliyeuvunja utawala ule kwanza ni Mjapani. Alitua kisiwa cha Java tarehe 1 Machi 1942, na ilipofika tarehe 8 jeshi la kikoloni lilikuwa limesalimu amri huko Kalijati. Wazungu wakatiwa makambini, Kiholanzi kikapigwa marufuku, na viti vyao ofisini vikakaliwa na wenyeji. Asidhani mtu kwamba Mjapani alikuja kukomboa. Waulize romusha, vibarua wa lazima, waliokufa kwa maelfu kwenye ujenzi wa reli na machimboni. Lakini alimwachia Sukarno redio ya kuwafikia wananchi, na mwaka 1943 akaunda PETA, jeshi la wenyeji lenye maofisa wenyeji. Sudirman, kamanda mkuu wa jeshi la Jamhuri baadaye, alitokea humo.

Tamko la uhuru lenyewe liliandikwa usiku wa kuamkia 17 Agosti 1945, siku mbili tu baada ya Japani kushindwa, katika nyumba ya admirali wa Kijapani, Maeda Tadashi, mjini Jakarta. Sukarno aliandika kwa mkono, akikata neno hapa na kuongeza pale, Hatta, makamu wake wa baadaye, na mwenzao Soebardjo wakiwa naye. Sayuti Melik akalipiga taipu. Sentensi mbili, basi. Maeda alikuwa amepanda ghorofani kulala, au angalau ndivyo inavyosimuliwa. Nyumba hiyo iliwapa Waholanzi kisingizio cha miaka: Jamhuri hii ni bidhaa ya Kijapani, haina mwenyewe.

Waingereza walifika mwishoni mwa Septemba kuwanyang'anya Wajapani silaha na kuwatoa mateka, wengi wa askari wao wakiwa Wahindi. Tarehe 30 Oktoba, Brigedia wao, Mallaby, akauawa mjini Surabaya. Tarehe 10 Novemba mji ukashambuliwa kwa mizinga ya manowari na ndege, na vijana wakaupigania kwa wiki kadhaa. Walishindwa. Hata hivyo Uingereza ilikwisha kuona kwamba kisiwa kile hakirudishwi kwa wenyewe wa zamani kwa urahisi, na huko Delhi Nehru alikuwa akilalamika kwamba damu ya Wahindi inatumika kuwarudisha wakoloni. Ndiyo maana Waingereza wakawasukuma Waholanzi mezani, na mjumbe wao, Lord Killearn, akasimamia mazungumzo na Jamhuri huko Linggadjati mwaka 1946. Kule Australia, wafanyakazi wa bandari walikuwa wamegoma kupakia meli za Kiholanzi tangu Septemba 1945, na mabaharia wa Kiindonesia, Kihindi na Kichina wakagoma pamoja nao.

Na Marekani? Ilikuwa upande wa Uholanzi, ingawa haikupenda kusema hivyo. Waholanzi waliposhambulia Julai 1947, India na Australia ndizo zilizolifikisha suala hilo mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Ikaundwa kamati ya watu watatu: Jamhuri ikaichagua Australia, Uholanzi ikaichagua Ubelgiji, na hao wawili wakaichagua Marekani. Kwa kuwa pande mbili hazikukubaliana pa kukutania, Wamarekani walileta meli yao, Renville, ikatia nanga nje ya Jakarta. Kiongozi wa ujumbe wa Uholanzi melini humo alikuwa Mwindonesia, Abdulkadir Widjojoatmodjo. Mkataba ukatiwa saini tarehe 17 Januari 1948, na Jamhuri ikalazimika kuondoa askari wake katika maeneo ambayo Waholanzi walidai wameyateka. Kwa mkataba ule, kwa maoni yangu, Washington haikustahili shukrani ya mtu yeyote wa Yogyakarta, mji mkuu wa Jamhuri wakati ule.

Kilichoigeuza Marekani ni uasi wa mji wa Madiun, Java. Septemba 1948 wakomunisti wakiongozwa na Musso waliasi dhidi ya Jamhuri, na serikali ya Sukarno na Hatta ikawazima kwa jeshi lake yenyewe. Vita Baridi ilikuwa imeshapamba moto, na kuanzia hapo Washington ilimwona Hatta kama mtu wa kushikamana naye. Kwa hiyo Waholanzi walipoiteka Yogyakarta tarehe 19 Desemba na kuwakamata viongozi wote wawili, walimkamata mtu ambaye Wamarekani walikuwa wamekwisha kumhesabu wa kwao.

Fedha za Marshall zilizokatwa siku chache baadaye zilikuwa zile za koloni tu. Za Uholanzi yenyewe, ambazo ni nyingi mno, hazikuguswa. Uzito ulikuwa kwenye kinachoweza kufuata. Januari 1949 Nehru aliitisha mkutano Delhi, Misri na Ethiopia zikiwemo, na Baraza la Usalama likataka madaraka yahamishwe. Tarehe 1 Machi wapiganaji wa Jamhuri waliingia Yogyakarta mchana kweupe, wakaishika kwa saa sita kisha wakatoka, ili dunia ijue kwamba jeshi halijafa. Bila hao, Acheson, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, asingekuwa na hoja mwisho wa mwezi huo alipomwambia mwenzake wa Uholanzi, Stikker, kwamba Bunge la Marekani halitatoa msaada wa kijeshi kwa Uholanzi huku vita vikiendelea. Mkataba wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ulikuwa unatiwa saini siku nne baadaye.

Madaraka yakakabidhiwa tarehe 27 Desemba 1949, na bili ikaja nayo. Waholanzi walikuwa wamedai zaidi ya gilda bilioni 6. Mwanadiplomasia wa Marekani, Merle Cochran, akasukuma ikaishia bilioni 4.3, na taifa jipya likaanza maisha likilipa deni la koloni. Irian Magharibi, nusu ya magharibi ya kisiwa cha New Guinea wanakoishi Wapapua, ikabaki kwa Waholanzi. Huko nako Marekani ilikuja kuamua mwaka 1962, Sukarno alipokuwa amejaza silaha za Kisovieti: mwanadiplomasia wake Ellsworth Bunker akaandaa mkataba, Uholanzi ikatoka, na Wapapua wenyewe hawakupewa kiti mezani.