Kilifi kwa hesabu ya kaya: kusoma takwimu za sensa bila kupotoka

Anayepanga vyandarua, vyoo, mita za maji au ziara za wahamasishaji wa afya katika Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, huanza na namba moja: 1,453,787. Hao ndio watu waliohesabiwa usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019. Namba hiyo ni halali kuinukuu, lakini peke yake haitoshi kupangia kitu kinachofika mlangoni mwa mtu. Lita za maji ya kunywa hufuata vichwa. Choo, mita, jiko na ziara ya mhamasishaji hufuata kaya, na kaya za Kilifi zinaongezeka kwa kasi kuliko watu wake. Hilo ndilo ningependa kila mpangaji alishike kabla hajafungua jedwali.

Sensa ya 2009 iliikuta Kilifi na watu 1,109,735 katika kaya 199,764. Miaka kumi baadaye kaya zilikuwa 298,472. Kwa hiyo watu waliongezeka kwa asilimia 31, kaya kwa asilimia 49. Ukigawa watu kwa kaya, wastani umeshuka kutoka 5.6 hadi 4.9. (Wastani unaochapishwa unaweza kuwa chini kidogo ya huu, kwa kuwa waliolala hotelini, hospitalini au gerezani hawaingizwi kwenye kaya za kawaida.) Hata baada ya kushuka, kaya ya Kilifi bado ni kubwa. Wastani wa taifa mwaka huo ulikuwa 3.9, Mombasa 3.2 na Nairobi 2.9. Kwale, jirani wa kusini-magharibi, ilikuwa 5.0.

Kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi ni hili: mtu ana idadi mpya ya watu lakini hana idadi mpya ya kaya, basi anauchukua wastani wa zamani na kugawa. 1,453,787 kwa 5.6 ni kaya 259,600 hivi. Kaya karibu 38,900 zimetoweka kwenye karatasi, ilhali zipo na zinapika kila siku. Kwa kanuni ya mhamasishaji mmoja kwa kaya 100, hapo wamekosekana wahamasishaji 389 kwenye bajeti. Isitoshe, kaya zinazotoweka namna hii hazitoki kila mahali kwa usawa. Nyingi ni kaya ndogo na changa: wapangaji wa chumba kimoja Mtwapa, wanandoa wapya waliowasha jiko lao ndani ya boma la wazazi.

Kaya inahesabiwaje basi? Mambo matatu yanaangaliwa kwa pamoja: wanaishi boma au jengo moja, wanapika pamoja, na wanamtambua mkuu mmoja wa kaya. Si lazima walale chini ya paa moja, wala si lazima wawe ndugu. Chukua boma la kawaida upande wa Ganze. Mzee ana wake wawili, kila mmoja na nyumba yake na jiko lake. Mama yake mzee ana kijumba chake pembeni lakini anakula kwa mke mkubwa. Kijana wao wa kwanza ameoa, na mkewe anapika kivyake. Karani mwenye haraka ataandika kaya moja, kwa sababu boma ni moja na mwenye boma ni mmoja. Jibu ni kaya tatu: ya mke mkubwa pamoja na bibi, ya mke mdogo, na ya kijana. Mzee mwenyewe anaandikwa katika nyumba aliyolala usiku wa sensa, mara moja tu.

Boma hilohilo lina kijana wa pili, mlinzi wa usiku. Kama anafanya kazi karibu na anarudi asubuhi, anahesabiwa nyumbani, ingawa usiku ule hakulala. Kama amepanga chumba Mtwapa, anahesabiwa huko, naye ni kaya kamili ya mtu mmoja. Mama yake atamtaja kwa moyo mweupe kabisa kuwa ni wa hapa. Ndiyo maana swali la "Mko wangapi?" halifai. Anza na "Usiku wa jana nani walilala hapa?" kisha "Yuko aliyekuwa kazini usiku na amerudi asubuhi?" halafu "Kuna mtoto mchanga hatujamtaja?" Watoto wa chini ya mwaka mmoja ndio wanaosahaulika sana, maana watu wengi wanapoorodhesha jamaa huwaanza wakubwa.

Mtwapa na Malindi mjini tatizo linageuka. Nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba sita inaweza kuwa kaya sita, na mchana ukabisha hodi usikute hata mmoja. Anayehesabu majengo hapo anapata moja ya sita ya ukweli.

Sasa vyandarua, ambapo ukubwa wa kaya unaonekana waziwazi. Lengo ni chandarua kimoja kwa watu wawili. Ukigawa watu wa Kilifi kwa 2 unapata vyandarua 726,900 hivi. Havitatosha, kwa sababu chandarua hakikatwi nusu. Kaya ya watu watano inahitaji vitatu, ya watatu inahitaji viwili. Kila kaya yenye idadi ya witiri inakula nusu chandarua ya ziada. Tukichukulia kwamba nusu ya kaya ni witiri, ziada ni robo chandarua kwa kila kaya: 298,472 mara 0.25 ni 74,618. Jumla inafika 801,500. Ndiyo sababu kampeni za ugawaji hugawa watu kwa 1.8 badala ya 2, na kwa Kilifi kigawanyo hicho kinatoa 807,700, karibu sawa na hesabu yetu ndefu.

Lakini angalia kinachotokea kaya zikiendelea kupungua ukubwa. Kwa wastani wa watu watatu kwa kaya, hesabu ileile inataka kigawanyo cha 1.7. Mtaa wa wapangaji ukipangiwa kwa 1.8, vyandarua vitakwisha kabla foleni haijaisha, na lawama itamwendea mgawaji ambaye hakukosea kitu. Mimi hushauri kigawanyo kikokotolewe kwa kila wadi: gawa 1 kwa jumla ya 0.5 na 0.25 iliyogawanywa kwa wastani wa kaya wa wadi hiyo. Ni kazi ya dakika chache kwenye jedwali la kompyuta.

Mtego wa pili ni mipaka. Kilifi ina maeneobunge saba, ila sensa ya 2019 iliigawa katika kaunti ndogo tisa: Malindi watu 333,226, Kilifi Kusini 206,753, Kaloleni 193,682, Magarini 191,610, Kilifi Kaskazini 178,824, Ganze 143,906, Rabai 120,813, Chonyi 62,335 na Kauma 22,638. Chonyi na Kauma si maeneobunge. Kwa hiyo "Ganze" ya jedwali la sensa siyo "Ganze" ya mbunge, na "Kilifi Kusini" vivyo hivyo. Ukichukua fedha za eneobunge ukazigawanya kwa idadi ya watu wa kaunti ndogo yenye jina hilo, umepotea. Njia salama ni kushuka hadi lokesheni na lokesheni ndogo, kisha kuzipanga upya ndani ya wadi ukiwa na ramani mbele yako. Inachosha, na hakuna njia ya mkato.

Jambo hili lina uzito wa kikatiba pia. Ukigawa watu wote wa Kenya, 47,564,296, kwa maeneobunge 290, unapata wastani wa 164,015. Kifungu cha 89 kinaruhusu tofauti ya asilimia 40 kwa miji mikuu na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Wastani wa maeneobunge saba ya Kilifi ni 207,684, juu ya wastani wa taifa kwa karibu asilimia 27. Kwa ujumla kaunti imo ndani ya mpaka, lakini wastani huo unaficha eneobunge lililofurika na lililopwaya. Mjadala huo hauwezi kufanywa kwa majina ya kaunti ndogo.

Jinsia inaeleza mengi kuhusu kaya. Kilifi ilikuwa na wanaume 704,089, wanawake 749,673 na watu 25 wenye jinsia mbili: wanaume 94 kwa kila wanawake 100. Mombasa, ng'ambo tu ya daraja la Mtwapa, ilikuwa na wanaume 610,257 na wanawake 598,046, yaani 102 kwa 100. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo ni ya ajira zaidi kuliko kitu kingine, kwani sensa hukuhesabu ulipolala. Mpangaji asome hapo kaya zinazoendeshwa na mama siku hadi siku, hata pale jina la mkuu wa kaya ni la baba aliye mbali.

Msongamano nitaupitia haraka, kwa kuwa wastani wake hausaidii sana. Watu 116 kwa kilomita ya mraba, ukitumia eneo la kilomita za mraba 12,540. Humo mna msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba 420 hivi zisizo na makazi, na nyika pana za Magarini. Usilinganishe na 88 ya mwaka 2009 kabla hujakagua eneo lililotumika kugawia, maana halikuwa hilohilo.

Umri unahitaji tahadhari. Watu hupenda kutaja umri unaoishia na 0 au 5. Kupima: chukua wenye miaka 23 hadi 62, jumlisha wanaotaja umri wa namna hiyo, zidisha kwa 5, gawa kwa jumla ya kundi, zidisha kwa 100. Ukipata 100, hakuna upendeleo. Ukivuka 125, data ni mbovu, usiichambue kwa mwaka mmojammoja. Panga kwa makundi ya miaka mitano. Nyanjani, matukio husaidia: uhuru wa 1963, kifo cha Mzee Kenyatta 1978, mvua za El Niño za 1997. Kwa mtoto, omba kadi ya kliniki.

Na makadirio ya baada ya 2019? Kasi ya miaka kumi ile ilikuwa asilimia 2.7 kwa mwaka kwa watu na 4.0 kwa kaya. Makadirio yafanywe mara mbili kwa vitu viwili tofauti, na kila moja liwe na kiwango cha chini na cha juu. Kwa miaka sita, asilimia 2.7 inakupa watu milioni 1.71, asilimia 2.2 inakupa milioni 1.66. Andika zote mbili. Kwa mji wa Kilifi na viunga vyake kuna pia mfumo wa mpango wa utafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome Trust ulioanza mwaka 2000, unaofuatilia wanaozaliwa, wanaokufa, wanaohamia na wanaohama katika kilomita za mraba 891. Ni hazina, ila ni asilimia 7 tu ya eneo la kaunti. Usizitumie namba zake kwa Bamba wala Marafa.

Kwa kijiji kimoja, orodha mpya ni bora kuliko makadirio yoyote. Eneo la kuhesabia la sensa huwa na kaya 100 hivi, kati ya 50 na 149, na watu wawili wanaweza kulimaliza kwa siku chache. Tembea mipaka kwanza na mzee wa kijiji, kabla ya kubisha hodi popote. Hesabu majiko. Andika namba kwenye fremu ya mlango kwa kalamu nzito, kwani chaki haishiki ukuta wa udongo na mvua moja huifuta. Nyumba iliyofungwa irudiwe jioni, mara tatu, kabla ya kuandikwa tupu. Msimamizi arudie kaya kumi bila kuitazama orodha ya kwanza. Zikitofautiana zaidi ya moja au mbili kwa idadi ya majiko, eneo lote lirudiwe.