Senene mwindaji: ni kazi au ni ukoo?

"Mjomba, njoo uone vunjajungu anakula panzi!"

Nilikuwa Rujewa kwa dada yangu, mvua zikielekea kuisha, wakati ambao taa ya barazani usiku inakusanya kila kidudu cha bonde la Usangu. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa amesimama juu ya stuli, simu mkononi, anamulika ukutani. Nikasogea.

Mdudu alikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, kijani kilichofifia, na mstari mweupe ubavuni. Amening'inia kichwa chini. Miguu yake ya mbele na ya kati ilikuwa na safu za miiba mirefu kama ya mchongoma, na kati ya miiba hiyo panzi mdogo alikuwa amebanwa, bado anarusha teke. Alishaanza kuliwa shingoni. Ukitega sikio ulisikia mchakacho mdogo, kama mtu anayetafuna muwa chumba cha pili. Vipapasio vyake viwili, vyembamba kama uzi wa kushonea, vilikuwa vimelala mgongoni mpaka karibu na ncha ya tumbo.

"Si vunjajungu," nikamwambia. "Huyu ni senene."

Akanicheka. Kwake yeye senene ni kile kitu kilichokaangwa kwa chumvi ambacho jirani yao Mhaya huja nacho kwenye mfuko akitoka likizo Bukoba. "Senene anakula nyasi, mjomba. Huyu anakula nyama."

Ubishi wetu ule unatosha kufungulia maana ya senene mwindaji, maana kila mmoja wetu alishika ncha yake ya ukweli.

Senene mwindaji ni senene yeyote ambaye chakula chake kikubwa ni wanyama wadogo anaowakamata wakiwa hai: panzi, vipepeo wa usiku, viwavi, nyenze, hata senene wenzake. Neno gumu hapo si "mwindaji". Neno gumu ni "senene". Mitaani senene ni mmoja tu, yule wa kuliwa, ambaye kisayansi ni Ruspolia differens. Waandishi wa biolojia kwa Kiswahili wamelipanua jina hilo likafunika familia nzima iitwayo Tettigoniidae, yenye spishi zaidi ya 8,000 duniani. Kwa maana hiyo pana, senene wa Bukoba ni mmoja wa jamaa zake, kama vile Mbena ni mmoja wa watu wa Nyanda za Juu Kusini, na si wote.

Basi utajuaje kwamba uliye naye ni senene, kabla hujauliza anakula nini? Anza na vipapasio. Panzi wa kawaida na nzige wana vipapasio vifupi na vinene. Vya senene ni virefu kama uzi, na mara nyingi vinapita urefu wa mwili. Kisha tazama miguu ya mbele, chini kidogo ya goti: kwa wengi utaona vijitundu au mipasuko miwili. Hayo ni masikio. Panzi naye masikio yake yapo ubavuni mwa tumbo, nyuma ya mguu wa mwisho. (Wanafunzi hupenda sana jambo hili, na hulisahau siku ya mtihani.) Tatu ni wimbo. Panzi wengi husugua mguu kwenye bawa. Dume la senene husugua bawa kwa bawa, la kushoto likiwa juu ya la kulia, moja lina meno kama msumeno mdogo na lingine lina ukingo mgumu wa kuyakwaruza. Na jike ana kifaa cha kutagia mayai kilichotokeza nyuma kama upanga au mundu. Kwa sababu ya upanga huo, senene na nyenje wa ardhini wamewekwa katika nusuoda ya Ensifera, yaani wabeba upanga, ndani ya oda (kundi linalokusanya familia nyingi) ya Orthoptera. Watu wengi wanauogopa, wakidhani ni mwiba wa sumu. Haudungi mtu. Kinachouma ni meno.

Vunjajungu je? Yeye hayumo kabisa. Yuko katika oda ya Mantodea, na jamaa zake wa karibu ni mende na mchwa. Hunasa kwa jozi moja tu ya miguu, ile ya mbele aliyoikunja kama anayesali, na miguu yake ya nyuma haina misuli ile minono ya kurukia. Senene hata akiwa mwindaji hodari bado ana paja la panzi.

Nilipomweleza mpwa wangu hivyo aliona haya kidogo, nikamwambia asijali, kosa lake lina wenzake wakubwa. Mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye ndiye tunayefuata mtindo wake wa kuwapa viumbe majina mawili, aliwatupia vunjajungu, panzi, nyenje na senene wote katika jenasi moja, yaani kundi la spishi zinazohesabiwa ndugu wa karibu, aliyoiita Gryllus, akiwagawa kwa makundi madogo ndani yake. Kundi la senene aliliita Tettigonia, neno lililotokana na jina la Kigiriki la nyenze, wale wapiga kelele wa mitini mchana wa jua, ambao si ndugu zao hata kidogo. Jina likaganda. Mpaka leo familia ya senene inaitwa kwa jina la nyenze, na sisi nasi kwa Kiswahili tunachanganya nyenje na nyenze kila siku, kwa hiyo tusimcheke mzee wa watu.

Sasa tuje kwenye ncha aliyoshika mpwa wangu: huyu anakula nyama, yule anakula nyasi, wanawezaje kuwa ndugu?

Ukikuta fundi baiskeli Mafinga, na ukikuta mwingine Tukuyu, wote watakuwa na mikono yenye grisi, bisibisi mfukoni, na ndoo ya maji ya kutafutia tundu la tyubu. Huwezi kusema baba yao ni mmoja. Huyu ni Mhehe, yule jina lake linaanza na Mwa-. Kazi imewafananisha. Na huenda yule wa Mafinga ana kaka yake tumbo moja anayelima chai Mufindi na hajawahi kushika spana. Mgawanyo wa viumbe unafuata ukoo, haufuati kazi. "Mwindaji" si ngazi ya ukoo. Hutaikuta kati ya oda, familia, nusufamilia, jenasi na spishi. Ni kazi ambayo koo mbalimbali za senene zimeingia kila moja kwa njia yake, na kwa sababu kazi inadai vifaa vilevile, miiba miguuni na taya kali, wamefanana sura.

Koo zenyewe utazitambua kwa mwisho wa jina: familia huishia na -idae, nusufamilia huishia na -inae.

Nusufamilia ambayo kwa hakika ni ya wawindaji watupu ni Saginae. Hawa ndio wenye miili mirefu na vichwa vilivyolala kwa nyuma, miguu ya mbele na ya kati yote ikiwa mitego. Mashariki na kusini mwa Afrika tunao wa jenasi Clonia, wakubwa, wa usiku, wanaotulia kwenye nyasi na vichaka mpaka windo lipite. Mchana unaweza kumpita ukadhani ni kijiti. Huko Ulaya na Asia yuko ndugu yao mashuhuri, Saga pedo, anayepatikana kutoka Hispania hadi Asia ya Kati. Akipimwa pamoja na upanga wake hufika sentimita 10 na zaidi. Saga kwa Kilatini ni mwanamke mganga au mchawi, na mwenyewe ana vituko vya kustahili jina hilo: majike hutaga mayai ambayo hayajarutubishwa, nayo huanguliwa yakawa majike tena. Dume hahitajiki. Spishi nyingine za jenasi hiyohiyo ya Saga zina madume kama kawaida, jambo ambalo mimi ndilo hunishangaza zaidi.

Kuna Hexacentrinae, wa Afrika na Asia, ambao jenasi yao kuu, Hexacentrus, imepewa jina linalomaanisha miiba sita. Kuna Meconematinae, vidudu vidogo laini vya kijani, ambavyo hungedhania kabisa kuwa ni wawindaji. Vinakula wadudu wadogo kuliko vyenyewe majanini. Wa jenasi Amytta wamo katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki, Kilimanjaro ikiwemo. Ukiwekewa Amytta na Clonia kwenye meza moja, mmoja kama kipande cha ukucha na mwingine kama penseli, utaona wazi kwamba ni kazi iliyowakutanisha.

Halafu kuna Listroscelidinae, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndani yake aliwekwa mwindaji mjanja kuliko wote ninaowafahamu. Anaitwa Chlorobalius leucoviridis, wa Australia. Nyenze dume wa kule huimba, na jike akivutiwa hajibu kwa wimbo. Hupiga tu mabawa yake yakatoa mlio mfupi, tik, tena kwa wakati maalumu baada ya kipande fulani cha wimbo. Dume akisikia tik hiyo husogea. Mwaka 2009 watafiti David Marshall na Kathy Hill walieleza kwamba Chlorobalius hukaa kichakani akisikiliza, na kipande kile kikipita yeye ndiye anayepiga tik, kwa wakati uleule wa jike. Dume anakuja kwa bashasha na anakutana na miiba. Cha ajabu zaidi, aliweza kujibu nyimbo za spishi nyingi tofauti za nyenze, zikiwemo ambazo asingekutana nazo anakoishi. Hakukariri wimbo mmoja. Ameshika kanuni ya kujibu. Kumbuka tu kwamba jina la familia yake lina maana ya nyenze. Linnaeus hakujua alichokuwa anakitania.

Lakini hii Listroscelidinae imekuwa kama lile kapu la jikoni ambalo kila kitu kisicho na mahali hutupiwa humo. Mtaalamu akipata senene mwenye miiba mirefu miguuni, humo. Hexacentrus naye alikuwa humo kabla ya kutolewa na kupewa nusufamilia yake. Wataalamu walipoanza kulinganisha vinasaba badala ya miguu, makapu ya namna hii yalianza kutoboka. Utafiti wa Mugleston na wenzake wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba hata mabawa yale yanayofanana kabisa na jani, ambayo wengi waliyachukulia kuwa alama ya undugu, yalitokea zaidi ya mara moja katika koo tofauti. Kama jani zima na mishipa yake linaweza kutokea mara mbili na tatu, miiba itashindwa nini?

Na upande wa pili wa kapu, wapo wanaokula nyama bila kuitwa wawindaji. Yule wa Bukoba, wa nusufamilia ya Conocephalinae, hupenda mbegu za nyasi na nafaka changa, lakini wakifungiwa wengi pamoja wanalana. Anabrus simplex wa Marekani hutembea kwa makundi makubwa ardhini. Utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kinachowasukuma ni njaa ya protini na chumvi, na kwamba anayezubaa njiani huliwa na wa nyuma yake. Wapo na wala-vyote kama Decticus verrucivorus wa Ulaya, ambaye jina lake lina maana ya mla chunjua, kwa sababu watu wa Sweden zamani walimtumia kuuma chunjua za ngozi.

Kuhusu kuuma, mpwa wangu alitaka kumweka wetu kwenye chupa. Nilimwonya amshike kwa kitambaa. Hakusikia. Alimshika ubavuni kwa vidole viwili kama mtu anayeokota karanga, na yule bibi senene, bila hata kuangusha chakula chake, aligeuza kichwa akamtoboa kidole gumba mpaka damu ikatoka. Sumu hana, ni jeraha la kuoshwa kwa sabuni basi. Dada yangu alitoka jikoni kwa kelele hizo, akatazama, akauliza swali lake la mkulima: "Huyo anakula mpunga?" Nikamwambia hali mpunga, anawala wanaokula mpunga. "Basi mwacheni," akasema, akarudi kwenye ugali.

Baadaye tulikaa na daftari. Nikamwandikia kuanzia juu: ngeli Insecta, oda Orthoptera, nusuoda Ensifera, familia Tettigoniidae, nusufamilia Saginae, kwa ushahidi wa miiba ya miguu ya mbele na ya kati pamoja na umbo zima. Akataka nimalizie jenasi na spishi. Nikamwonyesha ule upanga wa nyuma. Mara nyingi kinachotenganisha spishi za senene ni umbo la vile vikono viwili vidogo vya mwisho wa tumbo la dume anavyomshikia jike, na wetu alikuwa jike.

"Kwa hiyo tumsubiri dume aje kwenye taa?"

Tukavuta viti. Yule jike alishamaliza panzi wake, akaacha mabawa na paja moja vikianguka sakafuni, akaanza kupitisha kipapasio kimoja mdomoni taratibu, kukisafisha. Tulikaa mpaka kama saa tano hivi. Kisha umeme ukakatika.