Kabla ya Kukata Mkono wa Trela Ili Liingie Bandani

Umepima banda, ukapima trela lako la safari lenye vitanda na jiko, ukakuta limezidi kwa sentimita 60. Sentimita zote hizo ziko kwenye mkono wa mbele, ule wenye umbo la pembetatu unaofungwa kwenye gari. Wengi hufikiria kuukata na kuutia bawaba ili ukunjwe. Nawaomba sana, msumeno usiguse chuma kabla hujajua mkono huo unabeba nini.

Trela la namna hii huegemeza kwenye gari asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Likiegemeza pungufu, huyumba barabarani. Trela la kilo 2,000 basi hukandamiza mkono kwa kilo 200 hadi 300, na kila shimo huongeza mshtuko. Nguvu ya kupinda ni kubwa zaidi pale mihimili miwili inapoingia kwenye fremu ya trela, hupungua kuelekea kichwa kinachoshika tufe (mpira wa chuma ulio nyuma ya gari). Bawaba iliyowekwa karibu na fremu inapewa kazi ngumu kuliko zote.

Kuufupisha mkono moja kwa moja nako kuna gharama. Chukua trela hilohilo, kitovu cha uzito kikiwa nusu mita mbele ya ekseli na tufe likiwa mita 4 mbele ya ekseli hiyo: gari linabeba kilo 250. Kata sentimita 60, zinakuwa kilo 294, na kona ya trela inasogelea taa za nyuma za gari kila unapokata kona kali.

Bawaba za kiwandani zipo, zimeandikwa uzito zinaostahimili, lakini nyingi ni za mkono wa bomba moja la mraba, kama wa matrela ya boti. Usilazimishe ikae kwenye mihimili miwili. Kama kichwa cha trela lako kimefungwa kwa bolti, ningeanza hapo: kifungue, uone umepata nafasi kiasi gani. Wakati wa kurudisha, tumia bolti za daraja lilelile (8.8 au 10.9, imechongwa kichwani) na nati mpya za kujikaza.

Ukiweka bawaba, minyororo ya usalama ifungwe nyuma yake, kwenye fremu yenyewe. Ikifungwa mbele, pini ya bawaba ikichomoka, minyororo inabaki na kipande cha chuma huku trela likienda zake. Kagua tundu la pini mara kwa mara: likianza kuwa na umbo la yai, pini inacheza, na kila kilomita inalipanua zaidi. Nyaya za breki na taa ziachiwe ulegevu wa kutosha zisibanwe mkono unapokunjwa.

Halafu jeki. Mara nyingi iko kwenye mkono wenyewe, na mkono ukikunjwa haitegemezi tena trela, kwa hiyo weka kabari magurudumu yote na simamisha stendi imara chini ya fremu, nyuma ya bawaba, ndipo uvute pini.