Pistoni haizibi silinda, ringi ndizo zinazoziba

Wengi hudhani pistoni hukaa ndani ya silinda, tundu la injini ambamo hupanda na kushuka, kwa kubana, kama kizibo kwenye chupa. Ingebana hivyo, injini ingekwama mara tu ikipata moto, kwani alumini ya pistoni hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda. Kwa hiyo huchongwa nyembamba kidogo kuliko silinda, na juu, penye joto kali, huwa nyembamba zaidi.

Pengo hilo huzibwa na ringi, pete za chuma zilizokatwa sehemu moja na kuvishwa pistoni, kwa kawaida tatu. Ya chini hukwangua oili ukutani na kuirudisha kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mbili za juu huzuia gesi. Mnyumbuko wa ringi yenyewe ni mdogo; kinachoikaza hasa ni gesi ya mwako, ambayo hupenya nyuma yake na kuisukuma ukutani. (Mafundi husema "mlipuko", lakini mafuta yanatakiwa kuungua kwa kasi tu. Yakilipuka kweli, pistoni huweza kutoboka.)

Pistoni huvuta hewa, huigandamiza, husukumwa, kisha hutoa moshi: safari nne, krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, pistoni husimama na kugeuka mara 100 kila sekunde. Inaposimama juu, utando wa oili huwa mwembamba mno, na hapo ndipo silinda huliwa zaidi.

Moshi wa bluu na oili inayopungua, dalili kwamba oili inaungua, visikufanye ukimbilie kufungua injini; pima kwanza mgandamizo wa kila silinda. Kwa injini ya petroli, ipashe moto, kata umeme wa plagi na mafuta, toa plagi zote, funga geji ya mgandamizo kwenye tundu la plagi, kanyaga akselereta hadi mwisho, kisha zungusha kwa stata huku geji ikisoma. Silinda iliyo dhaifu itie kijiko kimoja cha oili, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, kagua valvu na gasketi ya silinda hedi.

Ukifunga ringi mpya, pima kwanza mwanya wa ncha zake ndani ya silinda. Kwa kipenyo cha milimita 80, mara nyingi ni kama milimita 0.3, ila kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho. Mwanya ukiwa mdogo mno, ncha hugusana kwa joto na ringi hukwaruza ukuta au kuvunjika. Upande wenye alama ukae juu, na mianya isipangane mstari mmoja. Silinda iliyong'aa kama kioo ipigwe honi kwanza, yaani isuguliwe kwa mawe ya kusagia, iache mikwaruzo ya kukingamana. Bila hiyo ringi mpya hazikai, na moshi utarudi.