Uwani wa mita 8 kwa 6: kabla hujamwita fundi wa pevingi

Nyumba iko Kinyerezi, Dar es Salaam, ya vyumba vitatu, na kutoka mlango wa jikoni hadi ukuta wa jirani ni mita 6 tu. Upana ni mita 8. Kaka mwenye nyumba alinipigia simu akiwa ameshaamua: pevingi ukuta kwa ukuta, matope yaishe. Nilimwelewa. Nikamwomba kwanza aniruhusu nishinde pale siku moja.

Siku hiyo mama yake mzazi, ambaye wote tunamwita Bibi, alinionyesha kila kitu bila kukusudia. Saa nne asubuhi mkeka wake ulikuwa karibu na mlango, anachambua matembele. Saa saba ulikuwa umebanwa ukutani, chini ya upenu. Saa nane akaukunja akaingia ndani, na wajukuu waliporudi kutoka shuleni hawakukuta pa kukaa. Nikamuuliza mbona anahamahama. "Mwanangu, nafuata kivuli. Kikiisha naingia ndani."

Nyumba inatazama mashariki, kwa hiyo uwani uko magharibi. Asubuhi nyumba yenyewe inakinga jua. Mchana likishavuka paa, linaupiga uwani mpaka linazama, na ukuta wa matofali unaendelea kutoa joto hata baada ya swala ya magharibi. Pevingi nayo hushika joto vilevile. Familia inayotaka kutumia uwani jioni haihitaji eneo zima liwe hivyo.

Halafu kuna maji, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nusu ya paa inayomwaga nyuma ni kama mita za mraba 60. Ikinyesha milimita 50 kwa siku, jambo ambalo masika ya Dar yanalifanya bila shida, paa linashusha lita 3,000 na uwani wenyewe unapokea 2,400. Ardhi ikishazibwa yote, maji hayo yanatafuta mlango. Miaka ya nyuma niliziba uwani mzima wa mteja Tabata kwa sababu aliomba, nami sikumbishia. Masika ya kwanza maji yaliingia jikoni kwake. Nilibomoa kwa gharama yangu, na bado linaniuma kwamba sikupima.

Sasa napima. Nachimba shimo la sentimita 30, nalijaza maji, nasubiri yanywewe, najaza tena ndipo natazama saa. Dar udongo hubadilika sana: kuna mchanga unaomaliza maji ndani ya saa moja, na kuna mfinyanzi ambao kesho yake utayakuta bado yamo. Kinyerezi tulibahatika, yalikwisha kwa dakika arobaini.

Kwa hiyo pevingi ililazwa mita za mraba 14 tu, kutoka mlangoni hadi karo la kufulia na kamba za nguo, yenye mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mbali na nyumba. Fundi alipima kwa mpira wa maji, ule unaoonyesha usawa, na nilisimama naye. Pembeni yake ukapita mfereji wa kokoto. Maji ya paa yanaingia kwenye tanki la lita 2,000 lenye mfuniko na wavu, kwa sababu hakuna anayetaka kufugia mbu wa dengue nyumbani. Katikati kulibaki ukoka kwa ajili ya watoto. Mifuniko ya chemba za maji machafu haikufukiwa. Nakuomba usimruhusu mtu yeyote aifukie.

Jiko la mkaa lilihamia kona ya mwisho ya magharibi. Kusi hutoka kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo karibu mwaka mzima moshi wa mchana unakwenda mbali na madirisha.

Kuhusu mti tulibishana. Kaka alitaka mkungu kwa kuwa unakua haraka. Kweli, lakini matawi yake yanatanuka sana, na ungemmwagia jirani majani kila msimu. Tukapanda mstafeli, mita 2 kutoka ukuta wa magharibi, mbali na shimo la maji machafu. Mpaka utakapokua, kibanda kidogo cha makuti kinakaa palepale, na chini yake kibaraza cha saruji cha sentimita 45, kimo ambacho Bibi anaweza kuinuka bila kushikwa mkono.

Mvua za vuli zilipoanza nilikwenda kuangalia. Mfereji ulifanya kazi, ila kwenye kona ya karo maji yalituama kama sahani. Mahali pale pevingi imetitia kidogo. Tutainua vitofali, tuongeze vumbi la mawe, tushindilie upya kabla ya Machi. Bibi saa kumi alikuwa bado nje.